Somo la Robo Hii: Viwango vya Maziwa ya Ng'ombe wa Malisho, na Sisi Tunaofuga Bandani



Somo hili linatokana na swali aliloniuliza bibi mmoja, mwanachama wa kikundi cha wafugaji katika mojawapo ya majimbo ya Dayosisi yetu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kikundi kilikuwa kimepata mnunuzi anayepeleka vyakula kwenye hoteli za watalii. Mnunuzi alisema yuko tayari kuongeza bei ikiwa maziwa yatakuwa ya "ng'ombe wa malisho", kwa sababu wageni wengi wanayaulizia. Nilifurahi sana. Usiku ule nilikaa nikaandika maneno ya lebo: kwamba haya ni maziwa halisi ya ng'ombe wa malisho, wanaofugwa huria chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kesho yake niliyasoma mbele ya kikundi. Wanakikundi walipiga makofi. Ndipo bibi huyo akanyoosha mkono, akasema: "Mratibu, mwanangu, ng'ombe wangu yuko bandani tangu siku nilipokabidhiwa. Hayo malisho aliyaona lini?"

Watu walicheka, lakini mimi sikuwa na jibu. Lebo ile haikuchapishwa. Nilianza kusoma ili nijue wenzetu katika nchi nyingine wanaposema "ng'ombe wa malisho" wanamaanisha nini hasa, wanapima vipi, na sisi tunaofuga bandani tunaweza kusema nini bila kudanganya. Niliyojifunza ninayaleta kwenu ili kila kikundi kiyajadili.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili mwanakikundi aweze:
(a) kueleza maana ya kiwango, na tofauti yake na maneno ya kuvutia wateja;
(b) kutaja mambo yanayohesabiwa katika viwango vya maziwa ya malisho;
(c) kupima kwa hesabu nyepesi sehemu ya majani katika chakula cha ng'ombe wake;
(d) kushiriki kuandika kiwango cha kikundi chake ambacho jirani yeyote anaweza kukikagua.

1. KIWANGO NI NINI?

Kiwango ni ahadi inayoweza kuhesabiwa. Nikisema "ng'ombe wangu anakula vizuri", hayo ni maneno tu. Nikisema "ng'ombe wangu ana maji kwenye ndoo usiku na mchana", hicho ni kiwango, kwa sababu unaweza kuja saa nne usiku na tochi ukaangalia ndoo.

Kwa hiyo kila kiwango kina sehemu tatu. Kwanza, jambo lenyewe (majani, maji, nafasi). Pili, kipimo chake (kilo, saa, siku, mita). Tatu, mtu wa kuja kuangalia. Sehemu moja ikikosekana, kilichobaki ni tangazo la biashara.

2. WENZETU WANAHESABU NINI?

Huenda tulifikiri kwamba "ng'ombe wa malisho" ni kitu kimoja duniani kote. Sivyo. Kila nchi imechagua jambo la kuhesabu kulingana na hali yake.

Uholanzi wanahesabu siku na saa. Ili maziwa yaitwe maziwa ya malisho, ng'ombe lazima wawe nje wakila majani kwa siku zisizopungua 120 kwa mwaka, na kila siku kwa saa zisizopungua 6. Mfugaji anayetoa nje sehemu tu ya kundi lake huwekwa katika fungu jingine.

Marekani, kwa wafugaji wa kilimo hai, wanahesabu siku na chakula pia. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Juni 2010 inataka msimu wa kuchunga usiopungua siku 120, na katika msimu huo asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe, kwa uzito mkavu, itoke malishoni kwa mdomo wake mwenyewe. Angalieni: asilimia 30 tu. Nyingine inaweza kuwa hei, sileji au nafaka, mradi navyo ni vya kilimo hai.

Umoja wa Ulaya, pia kwa kilimo hai, unataka chakula cha kila siku kiwe na majani (mabichi, makavu au sileji) asilimia 60 au zaidi kwa uzito mkavu. Kwa ng'ombe wa maziwa inaruhusiwa kushuka hadi asilimia 50 kwa muda usiozidi miezi mitatu mwanzoni mwa kukamuliwa, kwa sababu wakati huo mwili wake unahitaji nguvu nyingi.

Uingereza kuna sheria inayosema mayai ya kuku huria ni yapi, lakini maziwa ya "huria" hayana ufafanuzi wa kisheria. Kwa hiyo baadhi ya wafugaji walijiwekea ahadi yao wenyewe: ng'ombe walale na kushinda nje siku 180 kwa mwaka. Wengine nchini humo wamejiwekea ahadi ngumu zaidi: majani na malisho peke yake, bila nafaka kabisa maisha yote ya mnyama.

Ireland walizindua kiwango chao mwaka 2020. Wao wanahesabu chakula: kwa ng'ombe wa maziwa, asilimia 95 iwe majani, lakini yakipimwa yakiwa na maji yake. Jambo hili nitalirudia hapa chini.

Uswidi walienda mbali zaidi, wakaliweka katika sheria ya nchi. Sheria yao ya mwaka 1988 ya kulinda wanyama iliwapa ng'ombe wa maziwa haki ya kutoka nje kula majani katika majira ya joto.

Tunaona basi maswali matatu yanayorudi kila mahali: Ng'ombe anatoka nje siku ngapi? Akiwa nje anakaa saa ngapi? Na katika chakula chake majani ni sehemu gani? Lebo niliyoiandika mimi haikujibu hata swali moja.

3. HESABU YA MAJANI: MABICHI AU MAKAVU?

Hapa naomba tutulie kidogo na kalamu na karatasi. Majani mabichi kwa kawaida ni maji kwa karibu asilimia 80. Ukianika kilo 10 za majani ya tembo juani hadi yakauke kabisa, utabaki na kilo 2 hivi. Pumba na mashudu ni makavu tayari. Kilo 10 zina ukavu wa kilo 9 hivi. Kwa hiyo ukilinganisha mzigo wa majani mabichi na debe la pumba, kwa sehemu kubwa unalinganisha maji na chakula.

Tuchukue ng'ombe anayekula kilo 57 za majani mabichi na kilo 3 za pumba na mashudu kwa siku.

Kwa uzito wa mabichi: jumla ni kilo 60. Majani ni 57 kati ya 60, yaani asilimia 95.

Kwa uzito mkavu: majani kilo 57 yanabaki kilo 11.4. Pumba kilo 3 zinabaki kilo 2.7. Jumla kilo 14.1. Majani ni 11.4 kati ya 14.1, yaani asilimia 81.

Ng'ombe ni yuleyule, chakula ni kilekile, lakini lebo moja itasema 95 na nyingine 81. Hakuna aliyesema uongo, ila mteja asiyeuliza "umepimaje?" hawezi kujua. Kwa hiyo katika kikundi tukubaliane tangu mwanzo kwamba tutahesabu kwa uzito mkavu, kwa kuwa ndicho anachokipata ng'ombe tumboni.

Tahadhari moja kwa sisi wa vihamba: shina la mgomba lina maji mengi hata kuliko majani. Linasaidia wakati wa kiangazi, lakini mzigo mkubwa wa migomba una chakula kidogo sana. Tusiuhesabu kama mzigo wa majani.

4. KWA NINI SISI TULIFUNGIA NG'OMBE?

Mtu asije akafikiri kwamba walimu wetu wa mifugo walikosea. Kulikuwa na sababu, na nyingi zipo hata leo.

Ya kwanza ni ardhi. Kihamba kina kahawa, migomba, maharage, nyumba na makaburi ya wazee wetu. Hakuna pa kumwachia ng'ombe. Hata zamani, kabla ya ng'ombe wa kisasa kufika, wazee wa Kilimanjaro walifuga ndani ya nyumba na kuwaletea majani.

Ya pili ni kupe. Ndigana kali huenezwa na kupe, na ng'ombe wa kigeni au chotara wakiipata hufa upesi. Ng'ombe anayekula majani ya kukatwa hukutana na kupe wachache kuliko anayechungwa.

Ya tatu ni mbolea. Samadi ya bandani ndiyo inayolisha migomba na kahawa. Ng'ombe akishinda mbali, samadi inabaki huko.

Ya nne ni mkopo wenyewe. Wengi wetu tulipata ng'ombe kwa utaratibu wa kukopa ng'ombe na kulipa ndama. Wazo la kumpa jirani mzaliwa wa kwanza lilienezwa na mkulima Mmarekani wa kanisa la Brethren, Dan West, ambaye mradi wake ulipeleka mitamba 17 Puerto Rico mwaka 1944. Makanisa na mashirika mengi yakalipokea, na katika miradi ya huku sharti la kwanza mara nyingi lilikuwa banda imara na shamba la majani kabla ya mtamba kufika. Sharti hilo liliokoa ng'ombe wengi.

Lakini kufungia kuna gharama, nazo tuziseme. Ng'ombe asiyetembea kwato zake hurefuka na kupinda. Ng'ombe aliye peke yake katika banda dogo huonyesha joto kwa shida; mwenye ng'ombe asipoona, mimba inachelewa, na maziwa ya mwaka unaofuata nayo yanachelewa. Ng'ombe anayelala kwenye tope hupata ugonjwa wa kiwele. Na ng'ombe aliyefungwa kamba fupi hawezi kujikuna, kugeuka wala kukwepa jua.

5. NENO HILI LINA WENYEWE

Jambo jingine lilinigusa. Ukishuka kutoka vihambani hadi tambarare utakutana na ndugu zetu Wamasai. Ng'ombe wao wanatoka zizini asubuhi na kurudi jioni, wanakula majani waliyoyachagua wenyewe. Hao ndio wenye haki ya neno "malisho". Mama wa Kimasai anayebeba maziwa hadi sokoni hana lebo, hana mnunuzi wa hoteli. Kama sisi wa bandani tungechukua neno hilo, tungekuwa tumechukua kitu ambacho ni chake, na pengine bei ambayo ingekuwa yake.

Tuseme pia upande wa pili. Kuwa malishoni peke yake hakutoshi. Wakati wa ukame ng'ombe wa tambarare hutembea mbali kutafuta maji, hukonda, na kupe ni wengi. Ndiyo maana viwango vizuri havihesabu majani tu. Mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza lilitaja mambo matano ambayo mnyama aepushwe nayo au apewe: asiwe na njaa na kiu, asikae katika tabu, asipate maumivu na magonjwa, apate nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili, asiishi kwa hofu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo kumtunza ng'ombe vizuri ni wajibu wa kila mmoja wetu, mteja wa hoteli awepo au asiwepo.

6. TUNACHOWEZA KUAHIDI: RASIMU YA KIKUNDI

Baada ya mazungumzo marefu, na kwa msaada wa mtaalamu wa mifugo wa kata, kikundi kile kiliandika rasimu ifuatayo. Si sheria ya Dayosisi. Kila kikundi kiijadili na kuibadilisha kulingana na mahali pake.

(i) Majani. Kwa uzito mkavu, robo tatu ya chakula cha ng'ombe iwe majani, malisho ya miti na mabaki ya mazao. Kwa kipimo cha nyumbani: kwa kila kilo 1 ya pumba au mashudu, ng'ombe apate kilo 14 za majani mabichi au kilo 3 za hei, au zaidi. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa mfugaji anaweza kuongeza pumba, lakini majani yasishuke chini ya nusu, na aandike katika daftari. Hiki ni kipimo cha uwiano tu. Ng'ombe lazima ashibe. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 40 hadi 60 za majani mabichi kwa siku.

(ii) Yanakotoka majani. Yasikatwe katika shamba lililopuliziwa dawa ya kahawa au mboga, wala katika eneo la hifadhi bila kibali.

(iii) Maji. Yawepo usiku na mchana. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 40 hadi 80 kwa siku, kutegemea joto, chakula na maziwa anayotoa. Anayenyweshwa ndoo mbili kwa siku anadaiwa.

(iv) Kutembea. Asifungwe kamba bandani. Kila banda liwe na uwanja wa wazi wenye jua na kivuli, na ng'ombe atoke humo kila siku kwa saa zisizopungua mbili. Wenye uwanja mdogo washirikiane na jirani.

(v) Kulala. Sehemu ya kulala iwe kavu, yenye paa na matandiko, na ukubwa wake uwe karibu mita 1.2 kwa 2.1 kwa ng'ombe mkubwa. Kwato zikaguliwe na kukatwa zinapozidi.

(vi) Dawa. Kupe wadhibitiwe kwa ratiba. Kila dawa iandikwe: tarehe, jina la dawa, ugonjwa, na siku ambazo maziwa hayatauzwa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Maziwa ya siku hizo yasipelekwe kituoni hata kama ada ya shule inadaiwa.

(vii) Ndama. Apate maziwa ya dang'a katika saa chache za kwanza baada ya kuzaliwa. Maziwa ya dang'a hayauzwi.

(viii) Usafi. Kiwele kioshwe na kukaushwa, michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye kikombe cheusi kuangalia mabonge, na maziwa yafike kituoni mapema katika chombo cha chuma au alumini chenye mfuniko. Atakayeongeza maji atatajwa mbele ya kikundi.

Mwishoni wakaandika upya maneno ya lebo, na safari hii mimi nilikaa kimya. Waliandika: "Maziwa ya ng'ombe wa bandani. Robo tatu ya chakula chao ni majani. Wanatoka uwanjani kila siku. Karibu uje uone."

7. NANI ATAKUJA KUANGALIA?

Ukaguzi wa makampuni makubwa ni ghali kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili. Njia iliyo karibu nasi ni uhakiki shirikishi, ambao wakulima wa kilimo hai wanautumia. Afrika Mashariki tuna kiwango cha pamoja cha kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, na vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa.

Kwa kufuata mfano huo, kikundi kinachagua wakaguzi watatu kila baada ya miezi sita. Wanatembelea banda bila kutoa taarifa. Mkaguzi hakagui banda la ndugu yake wala la mdeni wake. Wanaangalia ndoo ya maji, hori, kwato, uwanja na daftari. Matokeo yanasomwa katika mkutano. Kosa la kwanza ni kuelekezwa, la pili ni maziwa kuuzwa nje ya lebo hadi litakaporekebishwa. Mnunuzi naye apewe ruhusa ya kufika siku yoyote.

Tusisahau kwamba lebo ya kikundi haiondoi wajibu wa kisheria. Biashara ya maziwa inasimamiwa na Bodi ya Maziwa chini ya Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, na usalama wa chakula tangu mwaka 2019 uko chini ya TBS. Kikundi kinachotaka kufungasha kianze kwa kuwaona hao kabla ya kwenda kwa mchapaji.

8. MZIGO UKO KICHWANI KWA NANI?

Hapa nawaomba akina baba wasome mara mbili. Tunapoandika kwamba robo tatu ya chakula iwe majani, tunaandika pia mizigo. Kilo 50 za majani kwa siku hazitembei zenyewe. Katika nyumba nyingi zinakuja kichwani kwa mama au mgongoni kwa binti, mara nyingine kutoka tambarare, kabla ya shule au baada ya shule. Kiwango kinachomhurumia ng'ombe na kumchosha mama si kiwango cha Kikristo.

Kwa hiyo rasimu iliongezewa sharti: kabla ya kujiunga na lebo, kila nyumba ipande majani ya tembo au Guatemala kwenye kingo za matuta na mipaka ya shamba, pamoja na desmodiamu, lukina au kaliandra. Mizizi yake pia inashika udongo. Wakati wa mvua majani yakiwa mengi, yakaushwe kuwa hei au yashindiliwe kuwa sileji kwa ajili ya kiangazi. Na katika daftari kuna safu moja mpya: "Nani amekata majani leo?" Wiki ya kwanza safu ile iliwaaibisha baadhi yetu.

9. MWANGA WA NENO LA MUNGU

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki anajulikana pia kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Katika Kutoka 23:12 pumziko la siku ya saba linatajwa kwa ajili ya ng'ombe na punda, pamoja na mtumishi na mgeni. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mungu hakuona ni jambo dogo mno kuliwekea sheria.

Sura hiyohiyo ya Kumbukumbu la Torati, mstari wa 13 hadi wa 15, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Nilipoandika lebo ile nilikuwa na mawe mawili: moja la kumpimia mgeni wa hoteli, jingine la kujipimia mwenyewe nyumbani. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza amri ya saba anasema kwamba kumwibia jirani ni pamoja na kupata mali yake kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila. Kwa hiyo lebo ya uongo ni wizi, hata kama maziwa yaliyomo ni mazuri.

Mtauliza: je, mnunuzi alikubali maneno mapya? Alisema wageni wake hawajazoea kusoma neno "banda" kwenye chupa, na bei aliyoahidi mwanzo hakuitoa. Mwanakikundi mmoja alinung'unika kwamba ukweli umetupotezea fedha. Hakukosea, umetupotezea. Bado tunazungumza na mnunuzi, na amekubali kuja kutembelea mabanda. Bibi yule ameshatengeneza uwanja wa ng'ombe wake nyuma ya migomba, kwa mabanzi aliyopewa na mwanawe. Siku ng'ombe alipofunguliwa alisimama mlangoni kwa muda akinusa hewa, kisha akatoka akirusha miguu kama ndama. Bibi aliniambia: "Sasa andika, mwanangu. Hii nimeiona mwenyewe."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ng'ombe wako alitoka bandani mara ya mwisho lini? Alikaa nje kwa saa ngapi?
2. Pima majani na pumba unazompa kwa siku moja. Kwa uzito mkavu, majani ni asilimia ngapi?
3. Katika nyumba yako nani anakata majani, na anatembea umbali gani? Nini kifanyike mzigo upungue?
4. Mkaguzi akifika leo bila taarifa, ni kipengele gani cha rasimu kitakachokushinda?
5. Kikundi chenu kikilazimika kuchagua kati ya bei nzuri kwa lebo isiyo ya kweli na bei ya kawaida kwa lebo ya kweli, mtawaelezaje watoto wenu uamuzi wenu?
6. Je, kuna namna vikundi vya vihambani vinaweza kushirikiana na akina mama wa tambarare ili maziwa yao ya malisho nayo yapate soko?

Vikundi vitakavyoandika rasimu zao vitume nakala kupitia kwa mchungaji wa usharika, ili tuzilinganishe katika semina ya wafugaji. Mungu aliyetukabidhi viumbe vyake atupe mikono safi ya kuvitunza.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mratibu wa Miradi